Shamba Darasa la Kilimo Hai: Mwongozo wa Msimu Mmoja kwa Mwezeshaji wa Wakulima Wadogo

Mwongozo huu ni wako wewe unayefundisha wakulima wadogo magharibi mwa Uganda, hasa kule ambako Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu: makazi ya wakimbizi ya Kyaka II wilayani Kyegegwa, Rwamwanja wilayani Kamwenge, Nakivale kule Isingiro, na vijiji vya Kasese vinavyopakana na Kongo upande wa Mpondwe. Huenda wewe ni ofisa wa kilimo wa sabukaunti, mfanyakazi wa shirika, katekista, au mkulima ambaye majirani wamezoea kumwomba ushauri. Wote mnafaa. Kinachotakiwa ni uwe tayari kukaa na kundi moja msimu mzima, kuanzia mabua makavu ya Desemba hadi siku mahindi yatakapowekwa kwenye mizani.

Nasisitiza msimu mzima kwa sababu mafunzo mengi ya kilimo hai hufanyika ukumbini kwa siku mbili au tatu. Chati ukutani, soda mezani, picha ya pamoja, kisha kila mtu anarudi kulima kama alivyolima jana. Mkulima mwenye kipande kimoja cha ardhi na watoto sita hawezi kubadili ulimaji wake kwa sababu ameambiwa tu. Akikosea, watoto watalala njaa. Atabadilika akishaona mwenyewe, kwenye udongo uleule anaoulima na kwa mvua ileile, kipi kimezaa zaidi. Kazi yako ni kumpa nafasi ya kuona na kupima. Njia hii, shamba darasa, ilianza Indonesia mwaka 1989 katika mashamba ya mpunga. Wakulima walifundishwa kuwachunguza wadudu wenyewe badala ya kupiga dawa kwa kufuata kalenda. Miaka ya 1990 ikafika Afrika Mashariki, na hadi leo sijaona njia nyingine inayomheshimu mkulima kiasi hicho.

Jambo la kuelewana kwanza

Mara nyingi utasikia hivi siku ya kwanza: "Sisi hapa hatuna pesa ya dawa wala mbolea ya dukani, kwa hiyo tayari tunafanya kilimo hai." Jibu kwa heshima, lakini usikubali. Shamba linalovunwa kila msimu bila kurudishiwa chochote, mabaki yake yakachomwa moto na udongo wake ukashuka mtoni kila mvua ikinyesha, linachoka hata kama halijawahi kuguswa na tone la sumu. Kilimo hai ni kazi: kuulisha udongo, kuufunika, kuchanganya mazao, kuwalinda wadudu wanaotusaidia, na kuuzuia ugonjwa kabla haujaingia.

Uganda ni miongoni mwa nchi zenye wakulima wengi zaidi wa kilimo hai waliothibitishwa duniani. Pamba ya Lango, kaskazini mwa nchi, ilianza kuuzwa kama pamba ya kilimo hai miaka ya 1990, na mwaka 2019 serikali ilipitisha sera ya taifa ya kilimo hai. Hayo ni mazuri, lakini usiyatangulize. Ukianza na habari za soko la Ulaya, kundi litakusikiliza kwa matumaini ya bei, na bei isipokuja litaacha kila kitu. Anza na udongo.

Hatua ya 1: Anza Desemba, na uanze kwa watu

Mvua za msimu wa kwanza huanza Machi, na mboji, yaani mbolea ya majani na samadi iliyooza, hutaka miezi miwili hadi mitatu kuiva. Ukifika kijijini Machi na somo la mboji, msimu huo umekupita. Mwanzoni mwa Desemba ardhi bado ina unyevu wa mvua za msimu wa pili, maji hayajawa mbali, na mabua na maganda ya maharage yako shambani, hayajachomwa. Huo ndio wakati wako.

Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ndani ya makazi, pita pia ofisi ya OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu) inayoyasimamia, halafu kwa viongozi wa wakimbizi wenyewe. Unda kundi la watu 20 hadi 30, wenyeji na wakimbizi pamoja, kwa sababu wanachota maji kisima kimoja na viwavi wa shamba la mmoja huhamia kwa mwenzake. Hakikisha wanaoandikishwa ndio wanaolima. Mara nyingi baba hutoa jina lake na mama ndiye anayeshika jembe. Waombe waje wote wawili, au aje anayelima.

Siku ya kukutana wapange wao. Epukeni siku ya gulio, na mkumbuke kwamba kundi moja laweza kuwa na Waislamu, Wasabato na Wakatoliki. Saa nzuri ni asubuhi, saa mbili hadi saa nne, kabla jua halijawa kali, maana wadudu huonekana vizuri wakati huo na watu tayari wako njiani kwenda shambani. Lugha ya kikao iwe Kiswahili pale kinapoeleweka na wengi, lakini usidhani wote wanakifuata. Wamo wanaosema Rutooro, Rukiga, Kinyabwisha. Chagua watu wawili wa kutafsiri, na kila somo liishie kwa mtu mmoja kulieleza tena kwa maneno yake. Hapo ndipo utajua kilichoingia.

Kuhusu hela ya kuhudhuria, msimamo wangu ni mmoja: usiitoe. Najua mashirika yamewazoesha watu, na wiki za kwanza wengine watakuacha. Watakaobaki watakuwa wamekuja kwa ajili ya shamba. Chakula cha pamoja ni jambo jingine: kila mmoja alete kitu kidogo, mpike posho na maharage palepale shambani. Wageni na wenyeji wakila sufuria moja, mengi hutatuliwa bila kikao.

Hatua ya 2: Jueni ardhi ni ya nani

Tembeeni kijiji chote pamoja, kutoka mlimani hadi bondeni, mkiuliza kila kipande kinalimwa na nani, tangu lini, na kwa makubaliano gani. Wakimbizi wengi huongeza ardhi kwa kukodi kwa mwenyeji, msimu kwa msimu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia achimbe makinga maji au apande miti, atakuitikia kwa adabu na hatafanya, na ana haki: akishaitengeneza ardhi, mwenyewe anaweza kuichukua msimu ujao.

Kwa hiyo gawa mafunzo kwa macho haya. Kwenye ardhi ya kukodi fundisha yanayolipa msimu huohuo: mboji ndani ya shimo la mbegu, matandazo (majani makavu ya kufunika udongo), mseto wa mahindi na maharage, ukaguzi wa wadudu. Yanayodumu, kama makinga maji, miti na migomba, yafanyike kwenye ardhi ya mtu mwenyewe. Na pale inapowezekana, saidia mpangaji na mwenye ardhi waandikiane mkataba wa misimu minne au zaidi mbele ya LC1. Karatasi hiyo moja huuponya udongo kuliko mahubiri mengi.

Hatua ya 3: Udongo ujisemee

Kabla hujasema neno lolote kuhusu rutuba, fanyeni majaribio mawili.

La kwanza: leteni bonge kavu la udongo kutoka shamba lililochoka, na jingine kutoka chini ya miti au kichakani. Yawekeni taratibu kwenye glasi mbili za maji. Bonge la shamba lililochoka kwa kawaida humomonyoka upesi na maji yanakuwa tope; la kichakani hushikamana kwa muda mrefu. Waache watazame kimya, kisha uliza: "Mvua ya Aprili ikipiga, lipi litabaki shambani?"

La pili: kateni chupa tatu za plastiki kwa urefu, mzilaze zikiwa na mwinamo kidogo, shingo upande wa chini. Ya kwanza jazeni udongo mtupu, ya pili udongo uliofunikwa kwa majani makavu, ya tatu udongo wenye majani yaliyoota, na kila moja ikingiwe glasi. Mwagieni kiasi kilekile cha maji kwa kopo lenye matundu. Glasi ya udongo mtupu itajaa haraka, kwa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Yule mama wa mwisho kabisa nyuma atasema mwenyewe kwamba ile ndiyo mbolea yake inayokwenda.

Msitoke hapo bila kuzungumzia moto. Kuchoma mabua huonekana ni usafi na hurahisisha kazi ya jembe, na mtu mwenye mgongo unaouma hawezi kulaumiwa kwa kupenda urahisi. Mwonyeshe kwamba mabua yanaweza kupangwa kwa mistari, yakaoza yenyewe katikati ya mistari ya mahindi, na palizi ikapungua.

Hatua ya 4: Mboji, na hesabu yake

Somo hili hufundishwa kila mahali, na hukwama kila mahali kwa sababu moja: hakuna anayewaambia wakulima kiasi. Tuchukue muda hapa.

Chagueni mahali penye kivuli, karibu na shamba, pasipotuama maji. Pimeni mita 1.5 kwa mita 1.5. Chini kabisa pangeni vijiti na mabua yaliyovunjwavunjwa ili hewa ipite. Juu yake tabaka la vitu vikavu, kama mabua na nyasi, unene wa shibiri moja. Kisha vitu vibichi: majani ya alizeti mwitu yanayoota pembezoni mwa barabara (tithonia, yenye virutubisho vingi sana), majani ya maharage, magugu ambayo hayajatoa mbegu. Halafu samadi ya mbuzi, ng'ombe au kuku, unene wa vidole vitatu, na konzi chache za udongo wa juu. Nyunyizeni maji kila tabaka. Rudieni hivyo hadi kimo cha mita 1.2, mfunike kwa majani ya migomba. Lumbugu usiweke, maana mizizi yake huamka tena, wala mabaki ya migomba yenye mnyauko.

Chomekeni fimbo ndefu kwa mshazari hadi katikati. Baada ya siku nne au tano ichomoeni. Ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi, ama maji hayatoshi ama samadi ni kidogo. Ikitoka na ukungu mweupe mkavu, pamekauka. Ikinuka vibaya, maji yamezidi, ipinduliwe iingie hewa. Hata bila kunuka, pindueni wiki ya tatu na wiki ya sita, vya pembeni viende katikati. Ikiiva huwa nyeusi, hunukia kama udongo wa msituni, na huwezi kutambua tena jani lilikuwa la nini.

Sasa hesabu. Lundo la ukubwa huo hunywea hadi karibu nusu, na linaweza kukupa kilo 600 hivi za mboji. Ekari moja ya mahindi, yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ina mashimo kama 9,000. Kila shimo likipata viganja viwili vilivyojaa, karibu gramu 300, ekari inataka kilo 2,700, yaani malundo manne au matano. Mkulima aliyeahidiwa kwamba lundo moja litafufua ekari atavunjika moyo, na atakuwa amedanganywa. Mwambie ukweli: lundo moja latosha robo ekari hivi, likiwekwa shimoni na si kutawanywa. Aanze na robo hiyo, ile iliyo karibu na nyumba. Msimu unaofuata ahamie robo nyingine.

Na kabla ya kuwasifia mboji, uliza nani atabeba maji. Nyumbani kwingi jibu ni mama na mabinti. Ndiyo maana nimesema mjenge lundo mwanzoni mwa Desemba, ardhi ikiwa bado na unyevu, na mfanye zamu: leo kundi zima kwa fulani, wiki ijayo kwa mwingine.

Hatua ya 5: Vipande vitatu vya kulinganisha

Ombeni shamba la mwanachama mmoja, karibu na njia ili wapita njia waone. Pimeni vipande vitatu vya mita 10 kwa 10, kwenye udongo unaofanana. Cha kwanza kilimwe kama kijiji kinavyolima siku zote. Cha pili kiwekewe mboji shimoni. Cha tatu kiwekewe mboji na matandazo. Mbegu iwe moja, nafasi moja, siku ya kupanda moja, palizi siku moja. Mkibadili mambo mengi kwa pamoja hamtajua kilichosaidia. Kila kipande kitakuwa na mashimo 220 hivi, kwa hiyo vipande viwili vyenye mboji vitataka kilo 130 na ushee.

Mbegu ninayopendekeza ni Longe 5, ambayo Waganda huiita Nalongo. Si chotara, kwa hiyo mkulima anaweza kuchagua magunzi mazuri kutoka katikati ya shamba na kupanda tena msimu ujao. Mbegu ya dukani mara nyingi huja imepakwa dawa yenye rangi. Kwa kilimo hai tafuteni isiyopakwa. Kama kundi linataka maharage, pandeni mstari mmoja katikati ya mistari ya mahindi, kwenye vipande vyote vitatu.

Pandeni mvua ikishatulia. Usiruhusu shauku ya siku ya ufunguzi, na mgeni rasmi aliyealikwa, iwapangie tarehe ya kupanda.

Hatua ya 6: Kila wiki, macho kwanza

Hiki ndicho kiini cha shamba darasa. Kila wiki gawanyeni watu katika vikundi vya watano watano. Kila kikundi kiingie kipande kimoja na kuchunguza mimea 10: kimo, idadi ya majani, rangi, wadudu waharibifu, wadudu rafiki, magugu, unyevu. Wachore walichoona kwenye karatasi kubwa, mmea katikati, wadudu waharibifu upande mmoja na marafiki upande wa pili. Kuchora ni muhimu kwa sababu wasiojua kusoma huwa sawa na wengine wote, na mara nyingi ndio wanaoona zaidi. Kisha wajadili: wiki hii tufanye nini? Wewe uliza maswali. Ukijibu kila kitu, wiki ya tatu watakuwa wanakutazama wewe badala ya mahindi.

Adui mkubwa atakuwa kiwavi jeshi vamizi, aliyetoka Amerika na kugunduliwa Afrika mwaka 2016. Mtambue kwa alama ya Y iliyogeuzwa kichwani na vidoa vinne vilivyopangika kama mraba karibu na mkia. Pitieni sehemu tano za shamba, mimea 10 kila sehemu, kuanzia wiki ya pili baada ya kuota. Mahindi yakiwa bado madogo, iliyoshambuliwa ikizidi 10 kati ya 50, chukueni hatua kwa nguvu. Ikiwa michache, pondeni mayai na viwavi kwa vidole, na kudondosha udongo mkavu au majivu kidogo kwenye moyo wa mmea, pale majani machanga yanapochipukia, husaidia. Wiki nne za mwanzo ndizo za kupigania. Kiwavi akishaingia ndani kabisa, au kwenye gunzi, hata sumu ya dukani haimfikii vizuri.

Waonyesheni pia marafiki: buibui, sisimizi, mdudu koleo, nyigu. Watu wengi huua kila chenye miguu, na siku kikundi kitakapomwona sisimizi akiburuta kiwavi, acha kila kitu muite wote waje watazame. Hakuna somo ukumbini linaloweza kushindana na hilo.

Dawa za kujitengenezea zina nafasi yake, ila ziwe za mwisho. Pilipili kali iliyotwangwa, ikalowekwa usiku kucha, ikachujwa na kuongezwa sabuni kidogo ili ishike kwenye majani, huwasumbua vidukari na wadudu wengine laini. Ijaribuni kwanza kwenye mimea michache, maana sabuni ikizidi huunguza. Pigeni jioni ili msiwadhuru nyuki. Maji ya tumbaku siyafundishi, ingawa utayakuta kwenye vijarida vingi. Nikotini ni sumu kali kwa binadamu, hupenya ngozini, na tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya na pilipili. Kitu cha asili chaweza kukuua kama cha kiwandani. Sema hivyo wazi, hasa mbele ya akina mama wenye watoto mgongoni.

Hatua ya 7: Kwa wenye migomba na wenye miteremko

Siku moja tu ya msimu inatosha kwa kila somo, lakini msiziruke.

Mnyauko wa migomba uligunduliwa Uganda mwaka 2001 wilayani Mukono na ukaenea nchi nzima. Hauna dawa, hai wala ya kiwandani, kwa hiyo kinga ndiyo kila kitu. Ndizi huiva kabla ya wakati, ua la chini hunyauka, na ukikata shina utaona ute wa manjano. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, na panga huubeba kutoka mgomba hadi mgomba. Vunjeni ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara chana la mwisho linapotokea. Panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Shina lililougua likatwe usawa wa ardhi mara moja. Na mbuzi wasiruhusiwe kuzurura humo wakitafuna majani. Matandazo ya migomba yasilundikwe kwenye shina. Acheni nafasi ya nusu mita au zaidi, la sivyo mtawafuga fukusi wanaotoboa migomba.

Kwenye miteremko ya Rwenzori na kokote ambako mvua hukimbia, tengenezeni fremu ya A kwa miti mitatu, kamba na jiwe, muipimie mistari inayofuata usawa wa mlima. Chimbeni fanya juu: udongo wa mtaro unatupwa upande wa juu, na juu ya tuta hilo panapandwa majani ya tembo au kaliandra, ambayo pia ni chakula cha mbuzi. Ni kazi nzito. Ifanyeni kwa zamu, shamba la mjane na la mzee likitangulia.

Hatua ya 8: Siku ya mizani

Vuneni vipande vyote siku moja. Alikeni kijiji, LC1, ofisa wa kilimo, na wale waliowaacha mwezi wa kwanza. Kausheni, pukuchueni, mpime mahindi ya kila kipande kwa mizani ya kuning'iniza mbele ya watu wote. Zidisheni mara 40 kupata kadirio la ekari.

Matokeo yakitoka, yaseme jinsi yalivyo. Kwenye udongo uliochoka sana, mboji ya msimu mmoja yaweza kuongeza kidogo tu. Mwaka wa ukame, kipande chenye matandazo ndicho kwa kawaida kitakachosimama. Inawezekana pia kipande cha kawaida kikashinda kwa sababu mchwa walivamia matandazo. Chochote kitakachotokea, andikeni na mjadili sababu yake. Mkulima atakusamehe mavuno madogo. Hatakusamehe ukimficha.

Hesabuni na gharama pia: saa za kazi, maji yaliyobebwa, pesa iliyotoka mfukoni. Mara nyingi tofauti kubwa iko hapo kwenye pesa, maana mboji hainunuliwi kwa mkopo.

Hatua ya 9: Msipoteze ghalani mlichokipata shambani

Mahindi yanayokaushwa juu ya ardhi tupu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, na wakulima wengi waliumia bei. Kausheni juu ya turubai. Kupima ukavu, wekeni punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya glasi, tikiseni dakika mbili au tatu, muiache itulie. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, rudini juani. Yakikauka, hifadhini kwenye mifuko isiyopitisha hewa: plastiki mbili ndani, gunia nje, kila moja imefungwa kivyake. Fukusi wa mahindi hufa kwa kukosa hewa, bila unga wa sumu kwenye chakula cha watoto.

Hatua ya 10: Soko na cheti

Wakishaona mavuno, ndipo mzungumzie bei. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao hai tangu 2007, pamoja na alama ya Kilimohai. Kwa soko la ndani na la jirani, kundi linaweza kutumia mfumo wa dhamana shirikishi: wanachama wanakaguana wenyewe kwa masharti yaliyoandikwa, mara nyingi pamoja na wanunuzi, na gharama yake ni ndogo. Soko la Ulaya ni safari nyingine. Lazima shamba lipite kipindi cha mpito, miaka 2 kabla ya kupanda kwa mazao ya msimu na 3 kabla ya kuvuna kwa mazao ya kudumu kama kahawa, kukiwa na ramani, kumbukumbu na wakaguzi wa ndani. Wakulima wa kahawa wa Kasese wanaweza kunufaika nayo wakiwa ndani ya ushirika. Kwa mahindi ya robo ekari, sishauri.

Daftari ndilo litakalowafungulia njia zote mbili. Kila mwanachama aandike, au mwanawe anayesoma amwandikie: tarehe ya kupanda, alichoweka, alichopiga, alichovuna, alichouza. Waanze tangu siku ya kwanza.

Kabla ya mvua za Agosti

Mwishoni mwa mavuno ombeni kundi lichague wawili, mwanamke na mwanamume, watakaoongoza msimu wa pili wewe ukiwa umekaa nyuma. Wasiwe lazima waliosoma zaidi. Wawe wale ambao wenzao huwafuata shambani kuuliza. Mabua yaliyotoka kwenye vipande vitatu yajengwe lundo jipya wiki hiyohiyo. Mbegu ya maharage ichaguliwe kwa mkono. Na kila mwanachama ataje mbele ya wenzake jambo moja tu atakalolifanya kwenye shamba lake mwenyewe, na siku ambayo kundi litakwenda kuliona.